Mimi nauliza kiti, si gari

Wiki hii mmeuliza: ukiwekewa mbele gari la kale la kufunguka paa na gari jipya la anasa, yote ya kampuni moja, utaondoka na lipi? Najibu kwa Mercedes-Benz, kwa kuwa ya kwao nimewahi kuyapanda yote mawili: 230 SL iliyotoka mwaka 1963, ile inayoitwa Pagoda, na S-Class ya toleo la 2020.

Naondoka na Pagoda.

Wengi wangeanza na injini. Mimi hapo sikawii. Zote mbili zina silinda 6 zilizojipanga mstari mmoja. Ya Pagoda ni lita 2.3 na nguvu za farasi 150, ya S-Class hiyo, ile ya S 500, ni lita 3 na nguvu za farasi 435. Ya kwanza hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde kama 11, ya pili hata 5 hazitimii. Basi, yamekwisha.

Kilichoniamulia ni kiti. Pagoda ina viti viwili (kulikuwa na cha tatu cha kuagiza, mtu anakaa ubavu huko nyuma, tusikihesabu). Usukani ni mkubwa na mwembamba. Turubai unalikunja kwa mikono yako mwenyewe na kulificha chini ya kifuniko cha chuma. Ukikosea kubadilisha gia, mkono ndio wa kwanza kujua. Kwenye S-Class mwenye gari anakaa nyuma, na uhondo wote umemfuata hukohuko. Dereva kaachiwa skrini ya inchi 12.8 na magurudumu ya nyuma yanayoweza kujipinda hadi digrii 10 ili jitu lile likate kona kama kigari kidogo. Ni ufundi wa ajabu, sibishi, lakini nilipolishika nilijiona kama mgeni anayenyang'anywa vyombo kila akitaka kuviosha.

Usalama je? Hapo S-Class inashinda: unaweza kuipata hata na mifuko ya hewa ya mbele kwa waliokaa nyuma, wakati Pagoda hata mikanda ilikuwa ya kuagiza. Ila msiidharau. Mhandisi Béla Barényi, aliyebuni bodi yenye ncha zinazokubali kukunjika ili chumba cha abiria kisalimike, ndiye mwenye wazo la paa la pili la Pagoda, la chuma na la kuvuliwa, lililobonyea katikati na kuinuka pembeni. Watu waliona hekalu la Asia, jina likaganda. Yeye alitaka paa imara lisilo zito, na madirisha marefu zaidi. Na ncha hizo za kukunjika Pagoda inazo, mbele na nyuma. S-Class imerithi, haikuanzisha.

Kwa matengenezo sina la kujitetea. Wanaodai gari la kale hutengenezwa kwa spana na waya hawajafungua pampu yake ya Bosch ya kunyunyizia mafuta; fundi wa kubahatisha ataiua. Kutu nayo hula sakafu kimyakimya, na hakuna taa ya dashibodi itakayokuonya.

Mkiwa na safari ndefu ya usiku, tena ya mvua, niiteni nikalale kiti cha nyuma cha S-Class. Asubuhi nitataka funguo za ile nyingine.