Transista yenye namba 151-0190-00 haipatikani

Ndugu, umesema transista ya osiloskopu yako (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) ya kampuni ya Tektronix imekufa, na ukitafuta 151-0190-00 hupati kitu. Hiyo ni namba ya stoo ya Tektronix wenyewe, si jina la kipuri. Ndani yake ni 2N3904 ya kawaida kabisa, inayouzwa hadi leo. Hiyo ni transista ya aina ya NPN; mwenzake wa PNP, aina ambayo mkondo wake huenda kinyume, 151-0188-00, ni 2N3906. HP, watengenezaji wengine wa vifaa vya kupimia, nao walikuwa na mtindo huohuo: namba inayoanza na 1854 ni NPN, inayoanza na 1853 ni PNP. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa, fungua orodha ya vipuri nyuma ya kitabu cha huduma; mara nyingi namba ya mtengenezaji halisi ipo palepale.

Waliokuambia utie NPN yoyote, wasikilize nusu. BC547, NPN nyingine ya kawaida, kwa umeme inaweza kufaa, ila miguu yake imegeuka: 2N3904 ukiitazama upande bapa, miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta; BC547 inaanza na kolekta. Kwenye sehemu za saketi zenye kasi angalia pia fT (kikomo cha kasi ya transista), na volti inayohimili isipungue ya transista ya awali.

Namba zinazoanza na 155 ndizo kiama. Hizo ni IC (saketi nzima ndani ya chipu moja) ambazo Tektronix walijitengenezea wenyewe; hapo tafuta osiloskopu mbovu ya kuchinja upate kipuri.

Lakini kwanza pima volti za pawasaplai. Huenda transista iliuawa na kapasita iliyochoka, na mpya itaifuata. Na usiguse upande wa kioo cha kuonyeshea picha: kuna maelfu ya volti, hata ukishachomoa plagi.