Tufani, dhoruba, kimbunga: kwa anayeanza kuandika habari za hali ya hewa

Usichague neno kabla hujaiona kasi ya upepo. Kamusi hulieleza kila moja kati ya maneno haya kwa kutumia mwenzake, na katika mazungumzo watu huyabadilisha wapendavyo. Kwenye habari hayalingani.

Tufani ni upepo wa nguvu unaovuma pamoja na mvua hadi bahari ikachafuka. Ni neno la watu wa vyombo: jahazi hukumbwa na tufani, na nahodha hutua tanga kabla haijamfikia. Wengine hulitumia pia kwa gharika ya Nabii Nuhu, kwa hiyo ukiandika tufani katika habari ya mafuriko, taja upepo waziwazi, la sivyo wapo watakaofikiria maji tu. Utakuta "tufani imevuma" na "tufani limevuma". Shika moja hadi mwisho wa habari.

Kimbunga kina kipimo. Kwa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, kituo cha hali ya hewa cha kisiwa cha Réunion hupima wastani wa kasi ya upepo kwa dakika 10. Wastani ukifika kilomita 63 kwa saa, mfumo wa hali ya hewa ulioko baharini huwa dhoruba ya kitropiki na hupewa jina. Hauwi kimbunga mpaka ufike kilomita 118. Hapa ndipo wageni wengi wanapoteleza: wanaona jina, wanaandika kimbunga. Kosa la pili ni kuchukua kasi ya mivumo ya ghafla, ambayo taarifa huitaja kando na ambayo siku zote huuzidi wastani. Kasi ikitolewa kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa, zidisha kwa 1.85: noti 50 ni kama kilomita 93 kwa saa, hiyo bado ni dhoruba.

Tena mfumo hupanda na kushuka. Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kilifikia hadhi ya kimbunga kamili kisha kikapungua nguvu kilipokaribia pwani ya Tanzania. Habari inayoandikwa baada ya hapo iseme "mabaki ya Kimbunga Hidaya". Upatanisho ufuate kimbunga: Kimbunga Idai kilipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, si "Kimbunga Idai ilipiga".

Sasa tazama tahadhari ya kawaida ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Huo ni upepo mkali, uuite hivyo hivyo. Unatosha kabisa kuzamisha mtumbwi, na mvuvi anastahili kuambiwa namba zote mbili. Ukiuita tufani kila wiki ili kichwa cha habari kivutie, siku tufani yenyewe ikija hutakuwa na neno la kumzuia asiingie baharini. Kwa sababu hiyo hiyo tunawaomba wanaoanza waache "kimbunga cha usajili" na "tufani ya kisiasa" katika majuma ambayo kuna mfumo baharini.

Mwisho angalia saa. Taarifa nyingi hutumia saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Ongeza 3 upate Afrika Mashariki, kisha igeuze kwa Kiswahili. 0600 ni saa tatu asubuhi, 1800 ni saa tatu usiku. 2100 huangukia saa sita usiku, tarehe ikiwa imeshageuka, kwa hiyo badilisha na jina la siku.