Bustani ya mboga bila jembe: niliyojifunza kwenye kipande changu Pemba

Nyuma ya nyumba yetu, karibu na Wete, kuna jaa ambalo hapana mtu aliyewahi kulitia jembe. Kila masika huota hapo tungule, maboga na mpapai mmoja au miwili, tena kwa majani ya kijani kilichokoza. Hatua ishirini mbele yake, kwenye kipande alichonipa mama katika eka tatu za familia, nilikuwa nikilima mpaka kiuno kinakatika, na mchicha unatoka manjano. Nimepita baina ya pahala pawili hapo kwa miaka bila ya kujiuliza. Siku nilipojiuliza ndipo nilipoliweka jembe chini.

Kwetu neno "kulima" lenyewe ni jembe. Ndiyo maana nilipomwambia ami yangu kuwa nitapanda mboga bila ya kulima alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, shamba husemi nalo, litakujibu nini?" Nilimwomba anipe masika moja. Siku ile sikuwa na jibu zaidi ya hilo.

Leo ninalo. Pemba ni nchi ya vilima. Ukiugeuza udongo, mvua ya Machi na Aprili ikashuka, ule wekundu unaouona ukiteremka kwenye mifereji mpaka mabondeni kwenye mpunga ndio mbolea yako inakwenda. Unaobaki hupigwa na matone mpaka ukashikana kama sakafu. Jembe huzitoa juu mbegu za magugu zilizokuwa zimelala, zikaona jua zikaota. Hukata njia za nyungunyungu, na hizo ndizo zinazopitisha maji na hewa kwenda mizizini. Na kwa joto letu, kila ukigeuza, ule uozo mzuri uliomo ardhini humalizika upesi zaidi. Udongo wetu unataka nguo: badala ya kuugeuza, uufunike kwa mboji, yaani majani na taka zilizooza, na makuti juu yake. Watu wa maweni, Micheweni kwetu na Makunduchi kule Unguja, wana mazoea yaliyo karibu na haya tangu zamani: pale penye mawe hapana cha kugeuza, mbegu hutiwa kwenye vifuko vya udongo baina ya jiwe na jiwe.

Ukitaka kuanza, anza padogo. Mimi nilitamani kufunika kipande chote mara moja, vitu vikaniishia katikati, na nusu iliyofunikwa kwa wembamba magugu yalipita kama hapana kilichotandikwa. Tuta moja la mita 5 kwa mita 1 na sentimita 20 linatosha. Upana huo mkono unafika katikati kutoka kila upande, na hilo ni muhimu, kwa sababu tuta lisilolimwa halikanyagwi kabisa. Kulifunika kwa mboji ya sentimita 10 kunataka kama madebe 30 ya lita 20. Rudia kuisoma hesabu hiyo kabla hujaamua. Jembe linapumzika, lakini pakacha halipumziki, na ni bora uanze kukusanya miezi mitatu kabla.

Mimi hutandika wakati wa kaskazi, Januari au Februari, ili masika yakute kila kitu kimeshakaa. Fyeka magugu mpaka chini na uyaache hapo hapo. Usiyang'oe, na nakuomba sana usiyachome biwi. Tunachoma chakula cha ardhi kila mwaka, kisha tunakwenda kununua mbolea. Juu yake tandika maboksi ya kadibodi, ambayo wenye maduka huyatupa. Bandua utepe wa plastiki, na hakikisha boksi na boksi zimepandana kiasi cha shibiri. Mara ya kwanza niliyatandika makavu, upepo ukayainua na mchwa wakayatafuna kabla magugu hayajafa. Mara ya pili niliyarowesha mpaka yakalainika na kuyafunika siku ile ile, yakadumu. Kisha samadi ya ng'ombe iliyokaa muda mrefu, kisha mboji, na juu kabisa makuti chakavu na majani makavu ya mgomba. Njia za kupitia nimezijaza makumbi. Samadi mbichi ya kuku iweke mbali. Iliniunguzia mibiringani yote kwa siku chache tu.

Miche ya tungule, biringani na pilipili boga hufunguliwa tundu ikaatikwa. Bamia na kunde hutiwa mbegu moja kwa moja. Mchicha ndio wenye adabu zake: mbegu zake ni ndogo, haziwezi kuinua makuti, kwa hivyo sogeza kifuniko, mwaga mbegu kwenye mboji laini, na ukirudishe kidogo kidogo mimea ikifika urefu wa kidole. Muhogo na viazi vitamu nimeviacha upande mwengine wa shamba, maana kuvivuna ni kuchimbua.

Ndago ni habari nyengine kabisa. Magugu mengi hufa kizani chini ya boksi, lakini ncha ya ndago ni kama sindano, hutoboa kadibodi ikatokeza juu na vijiazi vyake vimekaa chini salama. Ikiwa una hiari, chagua pahala pasipo na ndago. Kama huna, kila wiki pita uing'oe mara tu inapochomoza, ili vile vijiazi vichoke kwa kukosa majani. Mimi ilinichukua masika mawili, na bado huiona kwenye kingo.

Masika pia huleta konokono, na kifuniko ndicho nyumba yao. Miezi ya mvua ninavuta makuti nyuma, vidole vinne kutoka kwenye shina, na usiku natoka na tochi kuwaokota. Jua likianza kuwa kali, nayarudisha. Kuku nao hupenda kuchakura, basi zungushia ua.

Uingereza, ambako halmashauri huwakodisha watu viploti vya mboga na wengi wanafuata njia hii, huongeza mboji mara moja kwa mwaka nayo ikatosha. Hapa haitoshi. Joto halilali, safu huyeyuka, nami huongeza mara mbili: kabla ya masika na kabla ya vuli.

Masika ya kwanza mchicha wangu haukuwa na tofauti ya kumwonyesha mtu. Tofauti niliiona kiangazi kilichofuata. Nilizoea kumwagia maji asubuhi na jioni. Sasa nikitia kidole chini ya makuti nakuta unyevu siku ya pili. Na msimu wa karafuu, ambapo sote tuko mikarafuuni na hapana mkono wa kupalilia, nilirudi nikakuta bamia zimesimama na magugu machache ya kung'oa kwa vidole.

Ami bado analima kwa jembe lake. Lakini mwezi huu anaezua banda, na makuti yote ya zamani ameniletea kwa gari la ng'ombe. Nimeyarundika kivulini kwa ajili ya tuta la tatu. Maboksi bado sijapata ya kutosha.