Kupima kemia ya ubongo kwa IRM: ubora unaamuliwa mtu akiwa bado mezani

Mtafiti kijana wa Lubumbashi akipata ruhusa ya kufanya spektroskopia ya ubongo, yaani kupima kemikali zake kwa IRM (mashine ya picha inayotumia sumaku), aelewe mapema kwamba huenda atatumia mashine ya hospitali, pengine ya 1.5T (T ni tesla, nguvu ya sumaku), katikati ya foleni ya wagonjwa. Dakika zitakuwa chache na umeme hautabiriki. Ndiyo maana tunasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: spektra, yaani mchoro wa vilele vinavyoonyesha kemikali hizo, ikiharibika wakati wa kupima haiokolewi na programu yoyote.

Maji ya ubongo yanatoa ishara kubwa karibu mara 10,000 kuliko kemikali za ubongo kama NAA au kreatini. Mashine huyazima maji kwanza ndipo isikie hizo ishara ndogo. Uga wa sumaku usiposawazishwa vizuri, maji yanavuja na kufunika vilele unavyovitafuta.

Kazi inaanza mlangoni. Katika mji wa migodi, kuuliza "una chuma mwilini?" hakutoshi, wengi watajibu hapana kwa nia njema kabisa. Uliza kwa kazi: baba, umewahi kulehemu? Kukata vyuma kwa diski? Kuchimba? Kuna kitu kiliwahi kukurukia jichoni? Akijibu ndiyo, apigwe eksirei ya macho kabla ya kukaribia sumaku, kwa sababu kipande kidogo kikisogea kinaweza kumpofusha. Kwa mama au dada, uliza kuhusu wigi na nywele za kushonea. Kibanio kimoja cha chuma kinapinda uga wa sumaku nyuma yote ya kichwa. Mwambieni siku ya kumwalika, asije akalazimika kufumua nywele alizolipia mbele ya watu.

Kisha vokseli, yaani kisanduku cha ubongo unachokipima. Kwa kuanzia, sentimita 2 kila upande, yaani mililita 8, TR (muda kati ya rudio moja na linalofuata) milisekunde 2000, marudio 128. Hiyo ni dakika 4 na sekunde 16. Wengi hutamani kisanduku kidogo zaidi ili wapate sehemu halisi ya ubongo wanayoitaka, lakini wapige hesabu kwanza: ukipunguza upande hadi sentimita 1.5, ishara inashuka mara 2.4 hivi, na kwa kuwa kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha marudio tu, utahitaji karibu dakika 24 kupata ubora uleule. Hakuna mtu atakayelala bila kutikisika muda huo wote. Hii ndiyo sababu hatushauri kuanza na globasi palidasi, sehemu iliyo ndani kabisa ya ubongo, ingawa manganizi hujikusanya hapo na swali la wafanyakazi wa madini linaielekea. Ni ndogo, na ina chuma nyingi ya asili inayopanua vilele. Jifunze kwanza kwenye mada nyeupe ya paji au kwenye sehemu ya kati ya nyuma ya ubongo.

Kaa mbali na fuvu. Mafuta ya ngozi ya kichwa hutoa vilele vipana penye 0.9 na 1.3 ppm (ppm ni kipimo cha mahali pa kilele kwenye spektra), na laktati iko 1.33, kwa hiyo mafuta yakiingia huwezi kusema lolote juu ya laktati. Kwenye mashine, panga mikanda ya kuzima ishara ya mafuta kuzunguka kisanduku. Kaa mbali pia na matundu ya pua na masikio, maana hewa inavuruga uga.

Kwa mashine ya 3T kuna mtego mwingine. NAA (2.01 ppm) na myo-inositoli (3.52 ppm) zinatofautiana kwa karibu Hz 193. Mashine huchagua mahali kwa masafa, kwa hiyo kama pigo la redio lina upana wa Hz 1000, visanduku vyao viwili vinaachana kwa karibu milimita 4. Unadhani unapima mahali pamoja, kumbe ni pawili. Mfuatano wa mapigo uitwao sLASER unapunguza tatizo hili. Ukiwa nao, uutumie badala ya PRESS, mfuatano wa kawaida.

Pima spektra kabla ya vipimo vingine vya IRM kama difyusheni (mwendo wa maji) na IRM ya utendaji (kazi ya ubongo). Vipimo hivyo hupasha moto koili za gradienti, na masafa yanateleza. Baada ya kusawazisha uga, soma upana wa kilele cha maji kwenye nusu ya urefu wake, usiridhike na ujumbe wa mashine kwamba kazi imekamilika. Kwa 1.5T tafuta Hz 7 au chini, kwa 3T usivuke Hz 12. Ikishindikana, rudia mara moja. Ikishindikana tena, sogeza kisanduku milimita chache. Usiendelee kwa matumaini.

TE (muda wa kusubiri kabla ya kusikiliza ishara) fupi, milisekunde 30, inakuonyesha vitu vingi, pamoja na glutamati na myo-inositoli. TE ya 144 hupindua laktati chini na kuitenganisha na mafuta. Kwenye 3T, hata hivyo, PRESS ya 144 inaweza kuifuta sehemu ya laktati hiyo, na 288 inaaminika zaidi.

Usimshushe mtu mezani bila kipimo cha pili mahali palepale, maji yakiwa hayajazimwa. Marudio 8 yanatosha. Bila maji hayo ya kulinganishia utabaki na uwiano dhidi ya kreatini, na kreatini yenyewe inaweza kubadilika kwa ugonjwa.

Data ghafi ihamishwe siku hiyohiyo kwenye diski mbili. Mashine nyingi huifuta baada ya muda mfupi, na umeme ukikatika kabla hujanakili, kazi ya mtu aliyejitolea imepotea. Picha ya spektra kwenye skrini si data.

Uchambuzi hauna gharama: LCModel, Osprey na FSL-MRS zinapatikana bure na zinaendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida. Angalia mabaki ya ulinganisho, yaani tofauti kati ya spektra yako na mchoro uliokadiriwa na programu, kwa macho yako kabla ya kusoma namba. Mabaki yakiwa na mawimbi badala ya kelele tupu, namba hizo usiziandike. Na usitupe kipimo kwa sababu tu asilimia ya kosa inayokadiriwa na programu imevuka 20: kitu kilichopungua kwa ugonjwa lazima kiwe na asilimia kubwa, na ukikitupa umetupa matokeo uliyokuwa unayatafuta.