Wasomaji wanauliza: Kutunza pua baada ya upasuaji wa sainasi

Nilipasuliwa sainasi wiki iliyopita. Nimeagizwa nioshe pua kwa maji ya chumvi, lakini yanawasha mpaka machozi yananitoka, na hayatokezi upande wa pili. Naona heri niache, ipone yenyewe. (Msomaji, Eldoret)

Usiache. Upasuaji hufungua milango ya sainasi, yaani vyumba vya hewa vilivyo mashavuni, kati ya macho na kwenye paji la uso, basi. Vinyweleo vinavyosukuma kamasi huwa vimezubaa kwa wiki kadhaa, kwa hiyo damu iliyoganda hukaa palepale na kukauka kuwa magamba. Bakteria hujificha chini ya magamba hayo, na vidonda viwili vinavyotazamana huweza kushikana kwa kovu. Hapo mlango uliofunguliwa unajifunga tena. Maji ya chumvi ndiyo yanayofanya kazi ya vinyweleo kwa sasa.

Mwasho mara nyingi ni kosa la kipimo: maji matupu huwasha, na chumvi ikizidi nayo huwasha. Kwa nusu lita ya maji tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko cha baikaboneti ya soda. Soda hiyo hupunguza ukali na kulainisha kamasi. Isiwe bekingi poda, na magadi kabisa usithubutu. Kama vipimo vinakusumbua, waulize duka la dawa maji ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9; uyavute kwa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano.

Maji ya kuchanganyia chumvi yachemshwe kwanza. Ninyi wa Eldoret mko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Yaache yatokote dakika 3 kamili. Walio tambarare dakika 1 inatosha. Birika la umeme linalojizima mara tu maji yanapochemka halifikishi muda huo, tumia sufuria. Yafunike, yapoe hadi uvuguvugu, na yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage.

Inama juu ya sinki, mdomo wazi, upumue kwa mdomo. Elekeza ncha ya chupa ya kuoshea pua kisogoni, si juu kwenye paji. Minya polepole, mililita 120 kila tundu, mara mbili kwa siku au zaidi kama daktari alivyoagiza. Ukimeza mate katikati au ukiminya kwa nguvu, maji hukimbilia masikioni. Yakirudi kwa tundu lilelile usihangaike: ndani bado kumevimba, na kulazimisha kutakuumiza bure. Chupa ioshwe kwa sabuni, isuuzwe kwa maji yaliyochemshwa, ikauke ikiwa wazi. Chupa yenye utando ndani ni ya kutupa.

Magamba magumu usiyachokoe. Kuyatoa ni kazi ya daktari wa masikio, pua na koo siku ya kliniki, na kliniki hiyo usiikose hata ukijiona umepona.

Je, niendelee kupandisha maji puani ninapotawadha? (Msomaji, Unguja)

Kitabibu, simamisha mpaka daktari aruhusu. Kuvuta maji kwa pumzi kunaweza kuanzisha damu upya, na maji ya bomba au kisima hayajachemshwa. Yupo amiba, kijidudu cha majini kiitwacho Naegleria fowleri, ambaye ukimnywa hana neno, lakini akipitia puani huweza kufika kwenye ubongo na kuua. Ni ugonjwa adimu, ila Karachi, Pakistani, kuna vifo vilivyohusishwa na maji ya kutawadhia. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa Pwani, kupandisha maji puani ni sunna. Mengine mwulize sheikh wako. Ukiwa na udi au ubani chumbani, uhamishe kwa sasa. Moshi wa jiko la mkaa vilevile.

Nafanya kazi ya kubeba magunia. Nirudi lini, na maumivu niyatulize kwa nini? (Msomaji, Mombasa)

Hesabu wiki 2 bila kunyanyua kizito, kukimbia wala kuinama kwa muda mrefu. Presha ya damu ikipanda, mshipa unaoanza kuziba hufunguka. Muda huohuo usipenge kamasi. Lifute tu linalotoka. Chafya ikija iache itoke mdomo ukiwa wazi. Lala kichwa juu ya mito miwili au mitatu.

Kwa maumivu, mtu mzima asiye na ugonjwa wa ini atumie parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Asipirini, ibuprofeni na diklofenaki huongeza hatari ya kutoka damu. Kama unameza asipirini kwa ajili ya moyo, usiikatize bila kumwuliza aliyekuandikia.

Kamasi lenye damu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Damu ikichuruzika, kaa wima, inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 15 bila kuachia kuchungulia. Isipokatika, nenda hospitali.

Nikiinama, maji meupe kama ya mvua yanadondoka tundu moja. Ni ya kuoshea? (Msomaji, Morogoro)

Huenda ndiyo. Maji ya kuoshea hubaki kwenye chumba cha shavuni na kumwagika ghafla saa kadhaa baadaye. Lakini kama yanadondoka asubuhi kabla hujaosha, tundu lilelile kila siku, yana ladha ya chumvi kooni na yanaongezeka ukijikamua chooni, yanaweza kuwa maji yanayozunguka ubongo. Kinga kiasi kwenye kichupa safi chenye kifuniko, usipenge, na umwone aliyekupasua leo hiihii. Maabara huweza kuyatambua. Jicho kuvimba, kuona viwili au kuona hafifu, homa pamoja na shingo kukakamaa au kichwa kuuma sana: hayo hayangoji kliniki wala asubuhi.