Maswali ya Wasomaji: Kazi ya Mwigizaji Msaidizi

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili. Nilianzia kwenye kikundi cha maigizo cha mtaani kwetu, na siku hizi huitwa kwenye tamthilia za televisheni kuwa dada wa kazi, muuguzi au jirani. Sijawahi kuwa stelingi. Umri unakwenda, na nyumbani wanasema kwamba msaidizi ni mtu aliyeshindwa kuwa staa. Je, yupo aliyejenga jina kwa sehemu ndogo kama hizi, na kazi yetu hasa ni nini?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Dada yetu, wanaokuambia hivyo wamekosea, na ningependa kuwajibu kwa kukueleza habari za Thelma Ritter wa Marekani, ambaye maisha yake yanakaribiana na yako kwa mengi. Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1902, akasomea uigizaji na kufanya kazi jukwaani, kisha akaolewa na kuiweka kazi kando ili alee watoto wake wawili. Filamu yake ya kwanza, *Miracle on 34th Street*, ilitoka mwaka 1947, naye alikuwa na miaka ipatayo 45. Humo ni mama aliyechoka anayehangaika dukani kumtafutia mwanawe zawadi, na jina lake halikuandikwa hata kwenye orodha ya waigizaji. Hata hivyo, wakuu wa studio walikiona kipande kile kifupi wakamtaka tena, na kwa filamu zilizotoka kati ya mwaka 1950 na 1962 aliteuliwa mara 6 kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike. Hakuishinda hata mara moja, lakini kazi haikumwishia.

Ukitaka kuelewa kazi ya msaidizi, mtazame katika *All About Eve* ya mwaka 1950. Bette Davis ni Margo, mwigizaji mashuhuri wa jukwaani, na Ritter ni Birdie, mwanamke anayemvalisha mavazi. Msichana mgeni, Eve, anapowasimulia mkasa wake wa kusikitisha, chumba kizima kinaingiwa na huruma isipokuwa Birdie, ambaye anachomekea neno la kejeli, anakemewa, kisha anaomba radhi. Baadaye, Margo anapomuuliza kwa nini hampendi Eve, anamjibu kwamba binti yule anamsoma kama kitabu, namna anavyotembea, anavyokula, hata anavyolala. Ni maneno machache tu, na katika nusu ya pili ya filamu Birdie haonekani tena, lakini tangu hapo mtazamaji hawezi kumtazama Eve bila shaka moyoni. Hiyo ndiyo kazi yenu: kumpa mtazamaji jicho ambalo mhusika mkuu hana, kwa sababu yeye amefungwa ndani ya mambo yake mwenyewe.

Miaka mitatu baadaye, katika *Pickup on South Street*, Ritter aliigiza mwanamke anayeuza tai mitaani na kuwauzia polisi habari, huku akidunduliza fedha ili siku akifa asizikwe katika makaburi ya watu wasio na wenyewe. Usiku mmoja anarudi chumbani hoi bin taabani, anaweka santuri, na kumbe mtu mwenye bastola amekwisha kuingia, anataka aambiwe anakoishi kijana mmoja mwizi wa mifukoni. Mama huyu, aliyekuwa tayari kuuza habari za kila mtu, hiyo moja haiuzi. Hapigi kelele wala halii. Anazungumza kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na kupanda ngazi maisha yake yote, kisha kamera inamwacha na kugeukia santuri, na mlio wa risasi unasikika. Ninaamini kwamba hakuna kipande kinachobaki akilini kuliko hicho katika filamu nzima, na stelingi hayumo.

Haitakuwa haki, hata hivyo, nikikuficha upande mchungu. Mwaka 1955 Ritter alipata sehemu kuu katika mchezo wa televisheni, *The Catered Affair*, akiwa mama anayemwandalia binti yake harusi iliyozidi uwezo wao. Mwaka uliofuata mchezo huo ulipofanywa filamu, sehemu ya mama alipewa Bette Davis, yule yule ambaye Ritter alikuwa amemvalisha mavazi katika *All About Eve*. Pengine watayarishaji walitaka jina la kuvuta watu kwenye sinema. Jambo hilo litakutokea na wewe, tena pengine kwa sehemu uliyoiigiza vizuri. Ritter aliendelea kufanya kazi, na mwaka 1958 akapata tuzo ya Tony, ile ya michezo ya jukwaani ya Marekani, kama mwigizaji bora wa kike katika mchezo wa muziki, akiwa sawa kwa kura na mwigizaji mwenzake Gwen Verdon.

Ukiitwa tena kuwa muuguzi, jiulize muuguzi huyo alikuwa akifanya nini kabla mlango haujafunguliwa, na ana haja gani na mtu aliye kitandani. Kumbuka pia ni mkono gani ulioshika kikombe na ulikinywa katika neno lipi, kwa sababu kipande hicho kitarudiwa kutoka pembe nyingine, na ukibadili mkono mhariri wa picha atalazimika kukukata. Mwongozaji anayebanwa na muda humwita tena mtu asiyemsumbua katika mambo hayo.

SWALI: Ni nani anayeamua katika Oscar kwamba huyu ni mwigizaji mkuu na huyu ni msaidizi? Je, ni kwa kuhesabu dakika?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Hakuna dakika zilizowekwa. Studio humpigia debe mtu wao katika kundi wanalolitaka, lakini wanaoamua ni waigizaji walio wanachama wa Academy, chama kinachotoa Oscar, wanapopiga kura ya uteuzi. Ndiyo maana Beatrice Straight aliweza kushinda Oscar ya msaidizi kwa *Network* ya mwaka 1976 ingawa anaonekana kwa dakika zipatazo 5 tu. Tuzo za wasaidizi zilianza kwa filamu za mwaka 1936, na katika miaka ya mwanzo washindi wake walipewa kibao badala ya sanamu. Kibao ndicho alichopewa Hattie McDaniel mwaka 1940, Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda Oscar, usiku ambao aliketishwa katika meza ya kando. Lupita Nyong'o wa kwenu Kenya alipokea sanamu kamili mwezi Machi 2014 kwa *12 Years a Slave*. Kirudie kipande ambacho Patsey, mtumwa anayeigizwa na Lupita, anarudi kutoka kwa jirani na kumwonyesha bwana wake kipande kidogo cha sabuni, akieleza kwamba amenyimwa hata cha kuogea. Mateso yote ya filamu ile yanaelezwa kwa kitu kinachoenea kiganjani.

SWALI: Je, ni kweli kwamba waigizaji wadogo wa Marekani hulipwa kila kipindi kinaporudiwa?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Ni kweli, mradi kazi yenyewe imefanywa chini ya mkataba wa chama chao, na haki hiyo haikutolewa kwa hisani. Chama cha waigizaji wa filamu kilichoanzishwa mwaka 1933 kiligoma mwaka 1960, na matokeo yake yakawa malipo kwa filamu za tangu mwaka huo zinapoonyeshwa kwenye televisheni, pamoja na mfuko wa pensheni na matibabu. Kwa msaidizi asiye na mshahara mkubwa, hundi hizo ndizo zinazomvusha katika miezi asiyoitwa popote. Kwa upande wako, kabla hujatia saini tafuta kifungu kinachohusu kurudiwa kwa kipindi na kuuzwa kwake kwenye vituo vingine au intaneti. Kama hakimo, omba kiandikwe kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha, maana kazi ikishaanza huna tena nguvu ya kudai.