Sakafu ya vinaili na maji magumu: maswali na majibu

Wengi mlioandika safari hii mna sakafu ya aina moja na shida moja. Sakafu ni vinaili ya kifahari, ile inayotandikwa kwa vipande vyenye sura ya mbao au mawe. Shida ni maji magumu, yale yanayoacha ukoko ndani ya birika na kuifanya sabuni ikatae kutoa povu. Naanza na swali lililoulizwa na wengi, kwa kuwa majibu mengine yanalitegemea.

Napiga deki kila siku. Sakafu ikikauka tu, ukungu mweupe umerudi, hasa upande wa dirishani. Nimebadilisha sabuni hadi nimechoka. Sabuni gani itaumaliza?

Pole sana. Ukungu huo hauletwi na sabuni peke yake, kwa hiyo hata sabuni nzuri kuliko zote haitaumaliza. Maji magumu yamebeba kalsiamu na magnesiamu iliyoyeyuka. Maji hugeuka mvuke na kwenda zake, lakini madini hubaki palepale sakafuni.

Tupige hesabu. Kwa kipimo cha kawaida, ambacho ugumu huhesabiwa kama kalsiamu kaboneti, maji huitwa magumu sana yakizidi miligramu 180 kwa lita. Chukua maji ya miligramu 300. Dekio lililolowa chepechepe linaweza kuacha lita nzima kwenye sebule ya mita za mraba 20, na lita hiyo ikikauka huacha takriban gramu 0.3 za unga wa chokaa. Kwa deki ya kila siku, mwaka ukiisha umeshaitandaza sakafuni zaidi ya gramu 100 za chokaa. Sehemu yake huzolewa na deki ya kesho yake. Inayojificha kwenye vifereji vya michoro ya mbao ndiyo inayojijenga tabaka juu ya tabaka.

Kwa hiyo acha sabuni kwanza, ushughulike na maji. Fagia au vuta vumbi lote kabla ya kulowesha chochote, maana vumbi likichanganyika na chokaa hutoa tope jembamba linaloshika. Kamua dekio mpaka ukilinyanyua lisidondoshe hata tone. Fanya kazi kwa eneo dogo, kama mita mbili kwa mbili, kisha pita na kitambaa kikavu cha maikrofaiba kabla eneo hilo halijakauka lenyewe. Hatua hii ya kukausha ndiyo watu huiruka, nami nasisitiza kuwa ndiyo yenye uzito kuliko zote: maji yakikaushwa na upepo, madini yanabaki, yakifyonzwa na kitambaa, yanaondoka na kitambaa.

Dirishani ukungu huonekana zaidi kwa sababu mwanga unaingia kwa ubavu, tena jua hukausha maji kabla hujayafikia. Pale piga deki saa ambazo jua halijafika. Na kama hakuna kilichomwagika, huna haja ya deki ya kila siku. Siku nyingine fagio laini linatosha.

Mama mkwe anasema sabuni ya mche ndiyo inayosafisha kweli. Mimi natumia sabuni ya unga. Tuamulie kwa heshima.

Mama hajakosea kuisifu sabuni ya mche; kwenye maji laini inasafisha vizuri. Kwenye maji magumu mambo hubadilika. Kalsiamu hunasa mafuta yaliyomo kwenye sabuni na kutengeneza utaka mweupe usioyeyuka, uleule unaozunguka beseni la kuogea. Kwenye sakafu utaka huo hugeuka utando wa kunata, na kila nyayo inayopita inauachia uchafu wake.

Sabuni ya unga nayo ina shida yake. Nyingi zina sodiamu kaboneti, ambayo kazi yake ni kuifanya kalsiamu ijitenge na maji. Kwenye nguo haina neno, maana nguo zinasuuzwa. Sakafu haisuuzwi vile, na kilichojitenga kinakaukia hapohapo.

Tumieni sabuni ya maji isiyo tindikali wala alkali, yenye pH karibu na 7. Kama ni ya kuoshea vyombo, kijiko kimoja cha chai kwenye ndoo ya lita 5 kinatosha. Ndoo ikijaa povu, umezidisha. Na dawa ya kulainishia nguo isiingie kwenye ndoo hata kama inanukia vizuri: huacha utando wa mafuta, na sakafu huteleza.

Nitajuaje kama nilichonacho ni chokaa, sabuni, au sakafu yenyewe imechubuka?

Swali zuri sana, maana watu wengi wanaharibu sakafu kwa kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Inama karibu na sakafu, mwanga ukiwa mbele yako, utafute mahali ambapo ukungu ni mzito. Pakwaruze kidogo kwa ukucha wa kidole gumba. Ukikuta kitu laini chenye ulaini wa nta kimejikunja chini ya ukucha, hiyo ni sabuni au polishi. Ukikuta unga mkavu, au huoni kitu ila unahisi mparuzo, shuku chokaa.

Kisha thibitisha. Chagua sehemu mbili za ukubwa wa kiganja, mahali pasipoonekana sana. Moja ipanguse kwa siki iliyopunguzwa, sehemu moja ya siki kwa kumi za maji. Nyingine kwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya maji. Subiri dakika mbili, suuza zote kwa maji yasiyo na madini, kama ya mvua, kausha kwa kitambaa. Usihukumu zikiwa bado na unyevu, kwa kuwa maji huficha kila kitu, hata mikwaruzo. Zikishakauka kabisa, iliyong'aa inakupa jibu. Ikiwa siki imesaidia, ni chokaa. Ikiwa sabuni imesaidia, ni mafuta au mabaki ya sabuni. Ikiwa kila moja imesaidia nusu, una utaka wa sabuni na chokaa pamoja. Anza na siki, malizia na sabuni. Hakuna iliyobadilika? Basi uso wa sakafu umechakaa, na hakuna dawa ya kupangusa itakayourudisha.

Kila mtu ananiambia siki. Fundi aliyenitandikia amenikataza katakata. Nimsikilize nani?

Fundi ana sababu. Michoro ya mbao unayoiona ni filamu iliyochapwa. Juu yake kuna tabaka angavu la kinga, mara nyingi la milimita 0.3 hadi 0.5, na juu kabisa pamepakwa utando mwembamba wa poliyurethani, aina ya plastiki. Mng'ao wa sakafu yako unategemea utando huo. Siki ya kawaida ina asidi asetiki kama asilimia 5. Ikipakwa bila kupunguzwa, wiki baada ya wiki, inaweza kuufubaza.

Hata hivyo hao wengine nao wana sababu, kwa kuwa asidi huyeyusha chokaa, na sabuni haiyeyushi. Msimamo wangu ni huu: siki ni ya kutibu ukoko uliokwisha kuonekana, si ya kupigia deki. Soma kwanza karatasi za mtengenezaji. Akikataza siki, iache, maana unaweza kupoteza dhamana. Tafuta dawa ya kuondoa chokaa ambayo yeye mwenyewe ameiruhusu. Asipokataza, tumia kile kipimo cha moja kwa kumi, kwa kitambaa kilichokamuliwa, palepale penye doa. Dakika mbili au tatu, futa, suuza, kausha. Usiiache ikaukie sakafuni.

Maji ya ndimu yana asidi pia, lakini yana sukari kidogo ambayo hunata. Asidi sitriki ya unga iliyoyeyushwa vizuri ni afadhali. Kama vinaili imepakana na marumaru halisi au viungo vya saruji, siki isifike huko kabisa, maana inavila. Tindikali ya kusafishia vyoo usiifikirie. Pamba ya chuma vilevile, na zile sponji nyeupe zinazofuta madoa ukutani: zinasugua kama msasa laini.

Na hili nawasihi wote: siki na blichi zisikutane, si kwenye ndoo, si sakafuni. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, nayo huumiza mapafu. Amonia na blichi nazo hutoa gesi ya sumu. Ukibadilisha dawa, mwaga, suuza ndoo na dekio, ndipo uanze upya.

Je, nikichemsha maji kwanza? Au nitumie ya mvua? Na yale yanayotupwa na mashine ya kuchujia maji ya kunywa? Sipendi kuyamwaga.

Kuchemsha kunasaidia nusu. Ugumu unaotokana na baikaboneti huondoka: chokaa hujitenga na kutulia chini, ukamimina maji ya juu yakishapoa. Ugumu unaotokana na salfeti au kloridi hauondoki kwa moto. Kwa gharama ya nishati, sioni kama inafaa.

Maji ya mvua ni laini na ni mazuri mno kwa kazi hii. Acha mvua ya kwanza ioshe paa, ukinge inayofuata. Maji yanayodondoka kutoka kiyoyozi nayo karibu hayana madini, kwa sababu yametokana na unyevu wa hewani. Yakinge kwenye chombo safi, uyatumie siku hiyohiyo kabla hayajaota utelezi.

Kuhusu mashine yako, kama ni ile inayosukuma maji kupita kwenye utando na kutupa mengine pembeni, maji yanayotupwa ni magumu kuliko yaliyoingia. Madini yaliyozuiwa yasifike kwenye maji yako ya kunywa ndiyo yaliyojaa humo. Nafurahi kuona mtu anayechunga maji, ila hayo yapeleke chooni kusukumia uchafu. Sakafu ipate yale yaliyochujwa. Huhitaji mengi: deki piga kwa maji ya bomba, kisha pita mara ya mwisho kwa lita moja au mbili za maji yasiyo na madini. Aliye na mtambo wa kulainishia maji nyumba nzima hana haja ya hata hilo. Mtambo huo hubadilishana kalsiamu kwa sodiamu, na mabaki ya sodiamu hutoka kwa kitambaa chenye unyevu, hayajengi ukoko.

Wapo wanaonunua maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa yakawa maji tena, kwa ajili ya betri. Hayo yanafaa, lakini soma lebo kwa makini, kwa kuwa chupa inayofanana nayo huweza kuwa na tindikali ya salfa.

Mashine ya mvuke haitumii sabuni wala kemikali. Si ndiyo salama zaidi?

Hapana. Joto lake hulegeza gundi na kupinda kingo za vipande, na mvuke hujipenyeza kwenye maungio. Watengenezaji wengi huikataza moja kwa moja. Maji ya kupigia deki yawe vuguvugu, yasizidi hapo.

Unga mweupe unatoka kwenye maungio tu, katikati ya vipande hakuna kitu. Nikifuta unarudi baada ya siku chache hata nisipopiga deki.

Hapo maji yako ya bomba hayana kosa. Unga unaorudi bila deki, tena kwenye maungio pekee, kwa kawaida unatoka chini. Unyevu unapanda kupitia zege, unabeba chumvi za saruji, na ukifika hewani unazitua. Siki itaufuta leo, kesho kutwa umerudi, na maji unayoongeza juu yanazidisha tatizo la chini.

Mwite fundi apime unyevu wa zege kabla ya kufanya lolote. Angalieni bomba linalovuja, maji ya mvua yanayokusanyika ukutani nje, na kama karatasi ya kuzuia unyevu iliwekwa chini ya vinaili. Usikawie, maana unyevu wa zege ni wa alkali kali na hudhoofisha gundi. Vipande vikianza kuinuka, kazi inakuwa kubwa mara mbili.

Maji yetu ya kisima yanaacha madoa ya rangi ya kutu. Nimepaka blichi, yamezidi.

Hayo ni madini ya chuma, na blichi huyafanya yashike kutu zaidi. Acha blichi. Suuza mahali hapo vizuri mpaka harufu iishe kabisa, ngoja hadi siku nyingine, kisha jaribu asidi sitriki hafifu kwa masharti yaleyale ya siki: kwanza pembeni, dakika chache, suuza, kausha.

Nipake nta ili chokaa isishike?

Usipake. Utando wa poliyurethani hauhitaji nta, na nta haiushiki vizuri. Itabanduka kwa viraka, na chokaa itanasa katikati yake.

Chini ya zulia la mlangoni kuna doa la njano. Siki, sabuni, asidi sitriki, vyote vimeshindwa. Zulia lina mpira chini.

Doa hilo halitatoka, dada yangu, nakusihi usiendelee kusugua. Si uchafu wala chokaa: ni kemikali kutoka kwenye mpira iliyoingia ndani ya vinaili yenyewe. Toa zulia hilo, na mengine yote yenye mpira mgongoni, uweke yaliyofumwa au yale ambayo mtengenezaji wa sakafu ameyataja kuwa salama. Kama vipande vyako ni vya kubana bila gundi, na ulihifadhi viwili vitatu vilivyobaki, fundi anaweza kukibadilisha hicho kimoja peke yake.